Kisoma Vidole cha Dirisha la Nne

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi alitambaa chini ya meza ya dirisha la nne, akachomeka kompyuta yake ndogo katikati ya waya unaounganisha kisoma vidole na kompyuta ya ofisi ya kadi za matibabu. Kampuni iliyotengeneza kisoma vidole ilishafungwa, na haikuacha hata karatasi moja ya maelezo. Kompyuta pekee iliyojua kuongea nacho ilikuwa imezeeka, kuwaka tu ilitaka saa nzima. Kazi ya fundi ilikuwa kusikiliza mazungumzo yao, kuyarekodi baiti kwa baiti, kisha kuandika programu ya kuifundisha kompyuta mpya lugha hiyo.

Dereva mmoja wa lori aliweka kidole. Kwenye skrini ya fundi zikapita namba zisizo na maana, kisha yakapita maneno.

"Shikamoo," kilisema kisoma vidole.

"Marahaba," ilijibu kompyuta. "Nani huyo?"

"Dereva wa lori. Namfahamu, juzi pia alikuja."

"Ana ndugu hapa ofisini?"

"Hana."

"Basi hatumfahamu."

Juu ya meza, karani alimsomea dereva: alama haitambuliki, rudi kesho. Fundi aliandika saa na dakika kwenye daftari, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Vifaa vya zamani vilitengenezwa na watu wenye adabu; salamu peke yake zilikula baiti sitini na nne.

Saa tano aliviona viatu vya shangazi yake. Tangu mwaka juzi shangazi alikuwa akifuatilia kadi ya matibabu ili apasuliwe mtoto wa jicho, na bila kadi hospitali haikumpokea. Aliweka kidole.

"Mama wa macho," kilisema kisoma vidole. "Namfahamu sana. Na leo ana ndugu. Mtoto wa kaka yake yuko chini ya meza."

"Huyo ni kibarua," ilijibu kompyuta.

Fundi alimaliza programu baada ya wiki mbili. Aliacha kila kitu kama alivyokisikia, hata shikamoo, ila swali la ndugu alilifuta. Siku ya kwanza watu arobaini walipata kadi kabla ya saa nne. Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake, akayaona mabenchi matupu, akaingiwa na wasiwasi.

"Zima hiyo," alisema. "Tulikuagiza iwe kama ya zamani."

"Mkuu, inawatambua watu vizuri."

"Ndiyo kasoro yenyewe."

Shangazi alikuwa wa arobaini na moja, kidole kimeshanyooshwa. Fundi aliumia sana, lakini aliirudisha ile mistari mitatu ya swali la ndugu, mkuu akiwa amesimama nyuma yake mikono kiunoni. Kufikia saa sita mabenchi yalijaa tena.

"Kimesemaje?" aliuliza shangazi baada ya kuweka kidole, maana skrini hakuiona.

"Kinakufahamu, shangazi. Kinauliza jicho la kushoto linaendeleaje."

"Na kompyuta?"

"Haikufahamu."

"Haya. Kiambie la kushoto limeshaziba, limebaki hili la kulia."

Fundi akakiandikia hivyo. Kisoma vidole kikajibu kwamba kimesikitika, na kwamba kesho atumie kidole kilekile. Alipoinua kichwa amsomee, shangazi alikuwa ameshaondoka, anapapasa ukuta kutafuta mlango, na watu wa foleni wakikunja magoti apite.