Achari ya Nusu Saa

Jumatatu moja ya mwezi Juni, mwaka 1948, Pelagia alikata vitunguu vinane vyekundu kwa ajili ya achari. Alivikata pete nyembamba, akavipanga katika bakuli la udongo, akainjika sufuria ndogo yenye siki, chumvi, punje chache za pilipili manga na vijiko viwili vya asali, kwa sababu sukari ilikuwa adimu tangu wakati wa vita. Ilipotokota aliimimina juu ya vitunguu na kulifunika bakuli kwa sahani. Achari ya namna hiyo huwa tayari kwa nusu saa. Akakaa kwenye kigoda kusubiri.

Kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya mlango, mwenye siku nne tu juu ya mayai, akaangua vifaranga tisa. Maharage yaliyokuwa yamebandikwa muda huohuo yakaiva. Mkungu wa ndizi mbichi uliokuwa pembeni ukawa wa njano, na ndizi mbili za juu zikaanza kupata madoa meusi. Pelagia alitazama kivuli cha mlango akaona ni nusu saa kamili imepita, si zaidi. Akafunua bakuli. Vitunguu vilikuwa vimegeuka rangi ya waridi kama siku zote. Alionja kipande, akaongeza chumvi kidogo.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkulima wa vitunguu, mkazi wa Ng'ambo, Tabora. Mumewe, Kasimiri, alifanya kazi ya reli na alilala Igalula siku tano kwa wiki. Jumamosi alipofika nyumbani na kukuta vifaranga, alisema kuku yule alikuwa na haraka tangu utoto wake.

Jumatano iliyofuata jirani yao, Marcelina, alikuja kuazima kisu. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Alikuta achari ndiyo kwanza imefunikwa, akakaa kidogo kupiga soga, na kabla bakuli halijafunuliwa akajifungua mtoto wa kike, mnene, aliyetimiza miezi yake tisa tumboni. Bibi wa mtoto aliitwa, akafika, akamsifu mjukuu, kisha akauliza ataota meno lini. Hapo Pelagia akawatoa wote nje. Kisu Marcelina alikirudisha kesho yake, kimeoshwa.

Baada ya hapo watu walielewa. Achari ya Pelagia haikugusa kitu ambacho hakisubiriwi. Lakini jambo lolote lililokuwa likisubiriwa, likiwekwa karibu na lile bakuli, lilifika ndani ya nusu saa. Halikubadilika. Lilifika tu kama ambavyo lingefika. Abbasi, mwenye hoteli ya chai karibu na soko, ambaye ndiye aliyekuwa akimwuzia Pelagia siki, alisema sababu ni siki. Wanawake walisema ni asali. Pelagia mwenyewe hakukubaliana na upande wowote, kwa kuwa siki na asali zilikuwa zilezile za miaka yote.

Watu walileta maembe mabichi na mitungi ya pombe ya mtama isiyoiva. Eustadia, mshonaji wa nguo, alimleta mchumba wake, ambaye kwa miaka tisa alikuwa karibu kupeleka posa. Wakakaa wote wawili jikoni, wanaangalia sahani. Nusu saa ilipokwisha yule bwana alikohoa, akasema hatapeleka. Eustadia alimshukuru, akaomba achari kidogo ya kuondoka nayo, na kabla ya Krismasi akaolewa na fundi baiskeli. Harusi yake ilikuwa nzuri sana. Yule mchumba wa zamani alikuja na akapiga ngoma.

Siku ileile ya mchumba, Pelagia alianza kufikiria habari ya Isela.

Isela ilikuwa chemchemi, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka mjini, kando ya njia ya zamani ya misafara. Wapagazi waliotoka pwani walikuwa wakioga pale na kubadili nguo kabla ya kuingia mjini, ili waonekane watu mbele ya wake zao. Baadhi yao walikuwa na mbegu za vitunguu mifukoni. Bibi yake Pelagia alilima vitunguu bondeni pale, kisha mama yake, kisha yeye, pamoja na wanawake wengine kumi na wanne. Vilikuwa vitunguu vikubwa, kitunguu kimoja kinajaza kiganja. Mwaka 1937 ofisi ya maji ilizungushia chemchemi na bonde lake waya wa seng'enge, maji yakavutwa kwa bomba hadi kwenye viwanja viwili vya tenisi vya mabwana. Viwanja hivyo vilikuwa vya udongo na vilihitaji kumwagiliwa asubuhi na jioni. Tangu hapo Pelagia alilima nyuma ya nyumba kwa maji ya kisima, na vitunguu vyake vikawa vidogo kama mayai ya kanga.

Wanawake wote kumi na watano walitia dole gumba kwenye ombi la kurudishiwa Isela. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa miaka kumi na mmoja, Pelagia alivaa khanga safi akaenda ofisini kuuliza. Kwa miaka saba ya mwisho aliyemjibu alikuwa Anselm, karani, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyesoma misheni na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Lile shauri letu?"

"Linashughulikiwa, mama."

Hakuwa akimdanganya. Faili lilikuwepo, kwenye rafu ya pili, na kila Ijumaa Anselm alilipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe. Alimpenda yule mama. Utotoni alikuwa ameoga Isela, na aliwahi kumwambia kwamba maji yale yalikuwa baridi hata mwezi wa Oktoba.

Jumatatu ya kwanza ya Julai Pelagia hakuuliza kama kawaida.

"Mwanangu," alisema, "lile faili lilete nyumbani mchana. Nataka likae karibu na achari."

Anselm alikuwa amemsimamia mtoto wa Marcelina kwenye ubatizo wiki mbili nyuma, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alifikiri.

"Mafaili hayaruhusiwi kutoka ofisini, mama."

"Litatoka nusu saa tu."

"Nusu saa si mbaya," alisema Anselm.

Alifika saa saba, faili limo kwenye mkoba wa baiskeli, limefungwa ndani ya gazeti. Pelagia alikuwa amekwisha kukata vitunguu. Alimimina siki, akafunika, akalilaza faili ubavuni mwa bakuli. Wakakaa. Anselm aliuliza habari za Kasimiri na Pelagia akasema hajambo, mgongo tu.

Kwa dakika chache za mwanzo faili lilibaki vilevile. Kisha likaanza kunenepa. Kamba yake ilikaza, ikakatika, na karatasi mpya zikaonekana juu ya zile za zamani, moja baada ya nyingine, bila kelele. Ukingo wa jalada ukafifia rangi. Mchwa walikula kona moja, kisha wakaacha. Kipande cha utepe wa gundi kilijitokeza na kushikilia mgongo wake uliopasuka. Anselm, ambaye alilijua faili lile ukurasa kwa ukurasa, alisogea karibu ili aone kama namba zinafuatana. Zilifuatana.

Nusu saa ilipotimia Pelagia alifunua bakuli, na Anselm akafunua faili. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa barua ya kupiga chapa, kwa Kiswahili. Aliisoma kwa sauti.

"Ndugu Pelagia."

"Ndugu?" aliuliza Pelagia.

"Ndivyo ilivyoandikwa. 'Ndugu Pelagia. Ombi lako la tarehe 4 Machi 1937 kuhusu chemchemi ya Isela limefikiriwa kwa makini. Nasikitika kukujulisha kwamba eneo hilo bado linahitajika kwa ajili ya viwanja vya maofisa. Kwa hiyo ombi lako limekataliwa. Wako katika ujenzi wa taifa.' Halafu kuna sahihi."

"Ya lini?"

"Tarehe 9 Oktoba 1967."

Pelagia aliichukua akaiangalia. Muhuri haukuwa na taji. Mahali pa taji palikuwa na picha ndogo ya mwenge.

"Taji limekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Itakuwa limeondoka."

Anselm aliirudisha barua mkononi mwake, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Sahihi hii ni yangu," alisema.

Pelagia aliinama akaitazama. Alikuwa ameiona sahihi ile mara nyingi kwenye stakabadhi za ofisi. Ilikuwa yenyewe, ila herufi ya kwanza ilikuwa imekua na mkia umekuwa mrefu.

"Imenenepa," alisema.

"Nadhani hapo nimeshakuwa mkuu wa ofisi."

"Hongera, mwanangu."

"Ahsante, mama."

Pelagia alimpakulia ugali, maharage na achari. Anselm alikula kidogo, akaacha.

"Mimi Isela ninaijua," alisema. "Nimeoga pale. Kwa nini nimekataa?"

"Umeeleza mwenyewe hapo. Eneo linahitajika."

"Nikifika hapo sitatia sahihi."

"Umeshatia, mwanangu," alisema Pelagia, si kwa ukali, akamsogezea chumvi.

Faili lilirudi ofisini kabla ya saa nane. Mkuu wa ofisi, Mwingereza mrefu aliyeitwa na watu Bwana Maji, aligundua unene wake siku ya pili. Aliisoma barua ya juu, akasema imeandikwa kwa adabu na haina kosa, isipokuwa muda wake haujafika. Akaagiza iwekwe kwenye bahasha na itunzwe. Anselm aliiweka kwenye bahasha. Kwa majuma kadhaa baadaye alijizoeza sahihi nyingine nyumbani kwake, iliyosimama wima na isiyo na mkia. Mkono wake ulikubali alipokuwa akifanya mazoezi. Kazini ulirudia ile ya zamani.

Pelagia alikwenda kuwaita wale wanawake kumi na wanne, nyumba kwa nyumba. Njiani alijikuta anatembea haraka, mabega mepesi, mithili ya mtu aliyetua mtungi. Hakuweza kujua kama alichokitua ni tumaini au uchovu, na hakusimama kuchunguza. Wanawake walikusanyika kwake, wakasikiliza. Mmoja alilia kidogo. Marcelina, aliyekuwa mmoja wao, mtoto yuko mgongoni, alipiga hesabu kwa vidole.

"Basi tulikuwa tumebakiza miaka kumi na tisa ya kungoja," alisema. "Tumeipata bure."

Walicheka mpaka yule aliyelia naye akacheka. Juma hilohilo Kasimiri aliwatafutia kipande cha bonde huko Igalula, karibu na reli, kwa mzee mmoja aliyeitwa Masolwa ambaye alikuwa nacho na hakukilima. Maji yalikuwa mbali na udongo ulikuwa mgumu. Vitunguu vya kwanza vilitoka vya wastani, si kama vya Isela, lakini vikubwa kuliko mayai ya kanga. Jumatatu za kwanza za mwezi, badala ya kwenda ofisini, Pelagia aliuza achari stesheni. Abiria walipanda nayo kabla haijaiva, wakaila njiani, na kwa kuwa wote walikuwa wakisubiri kufika, gari moshi lilikuwa likiwahi Kigoma kwa saa mbili au tatu. Baadhi yao walilalamika kwamba hawakukuta mtu wa kuwapokea.

Mwaka uliofuata Anselm alipandishwa cheo kwa mara ya kwanza, akawa msimamizi wa kazi za nje. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa seng'enge iliyochakaa kule Isela na kuweka mpya, yenye nyuzi tano badala ya tatu. Kabla ya kuanza alikuja Ng'ambo kumwambia Pelagia. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Waya wa zamani tunautoa Ijumaa," alisema. "Mpya unafungwa Jumapili baada ya misa. Jumamosi patakuwa na uzi mmoja tu wa alama. Mabwana wanakwenda kuwinda. Sitakuwa nimeona mtu."

"Ahsante, mwanangu," alisema Pelagia.

Jumamosi wanawake wote kumi na watano walikwenda Isela na watoto, masufuria, nguo za kufua na michembe ya viazi vitamu ya kutafuna. Kasimiri alikuja na mgongo wake, akaukalisha majini hadi saa sita. Marcelina alimwogesha binti yake, ambaye alipiga kelele kwa baridi, kisha akakataa kutoka. Walioga, walifua, wakatandika khanga juu ya majani, wakapika kuku wawili. Walizunguka bondeni wakionyeshana nani alikuwa akilima wapi. Vitunguu viwili vitatu vilikuwa vimejiotea vyenyewe kwenye kona ya mama yake Pelagia, wakavila vibichi na chumvi. Mtu aliuliza achari iko wapi. Pelagia alisema ameiacha nyumbani, kwa makusudi. Alitaka Jumamosi ile iende kwa mwendo wake.

Ikaenda kwa mwendo wake. Ilikuwa ndefu, yenye jua zuri, na hakuna aliyeiharakisha.

Jua lilipokuwa karibu kuzama Anselm alifika kwa baiskeli. Alisimama nje ya uzi hadi walipomaliza kukusanya vyombo. Wanawake walikuwa na mizigo vichwani, nguo zilizolowa na watoto waliosinzia, na ule uzi mmoja ulikuwa kimo cha kifua. Anselm aliuinua juu kwa mikono miwili, wakapita chini yake mmoja mmoja. Kila aliyepita alimshukuru na yeye akajibu. Pelagia alikuwa wa mwisho.

"Habari za kutwa, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu. Maji bado ni baridi."

Anselm aliitikia kwa kichwa kwamba anajua. Aliushikilia uzi mpaka mama yule akatoka kabisa, akahakikisha khanga yake haijanasa mahali, kisha akauachia.