Kitanda cha Bi Mkubwa

Nilikuwa dobi wa nyumba ile kwa miaka tisa. Nilimfulia Bi Mkubwa, mjane mwenye mdomo mkali kama wembe, pamoja na mwanawe wa pekee, fundi kufuli, na mkewe. Waliishi mtaa wa tatu kutoka kaburi la mtu wa Mungu. Zamani kaburi lile lilizuriwa na watu wa kuhesabika. Ilipojengwa barabara kubwa na stendi ya mabasi, mahujaji wakaanza kumiminika, na mji mkongwe mzima ukageuka mwenyeji. Muuza mkaa akawa muuza tasbihi. Kinyozi akawa mwongoza wageni.

Fundi kufuli naye hakutaka kupitwa. Alitundika kibao mlangoni: humu ndimo mtu wa Mungu alimolala siku zake za mwisho. Chumba chenyewe kilikuwa cha mama yake.

"Alilala lini?" Bi Mkubwa akauliza. "Nyumba hii kaijenga baba yako, na maji ya kukandia udongo nikayabeba mimi kichwani."

"Mama, wewe kaa tu kitandani. Wewe ni wa ukoo wake. Watu wakija wape mkono, basi."

Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaingia mwanamke aliyetoka mbali, kambeba mtoto anayechemka homa. Alipiga magoti, akambusu Bi Mkubwa viganja. Bi Mkubwa akamwinua.

"Mwanangu, umedanganywa. Humu hakulala mtu ila marehemu mume wangu, naye alikuwa akikoroma kama trekta. Mpeleke mtoto hospitali."

Wageni wakaguna. Fundi akacheka, akajigusa kipaji cha uso. "Mtuwie radhi. Ni uzee. Akili inakuja na kuondoka."

Bi Mkubwa alimkazia macho mwanawe, kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Jioni ile alihamishiwa stoo ya uani, katikati ya madumu na baiskeli mbovu. Mlango ukafungwa kwa nje. Nyumba ile haikukosa kufuli.

Kulipokucha, mke wa fundi akanifuata kwenye beseni, mikono yangu imejaa povu. "Wewe ni mama mtu mzima, una mvi, una sura ya huruma, na huna maneno mengi. Kaa wewe kitandani."

Nilikataa mara ya kwanza. Aliporudia, nikafuta povu mikononi, nikasimama. Magoti yangu yalikuwa yamechoka kuchuchumaa. Akanivika nguo za Bi Mkubwa, ambazo nilizifua mwenyewe juzi yake.

Mahujaji walinibusu vidole vilivyochubuliwa na sabuni, wakasema hizo ni alama za ibada. Kutoka uani sauti ilikuwa ikiita, "Dobi! Dobi wangu! Waambie!" Mke wa fundi akawaeleza kuwa ni mgonjwa, anaombewa.

Mimi ndiye niliyempelekea chakula.

"Kitanda kinakutosha?" aliniuliza siku moja. Nikainamisha kichwa. "Upande wa ukutani godoro limebonyea," akasema. "Lalia upande wa mlangoni, usije ukaumia mgongo."

Aliishi stoo miezi minne. Alikata roho mchana wa ziara kubwa, foleni imefika njia panda. Fundi aliniinamia sikioni.

"Mama katutoka."

Nikataka kusimama. Akanishika bega.

"Usitoke. Wakikuona unalia watauliza."

"Tufunge mlango, baba. Leo tu."

"Tufunge tuseme kafa nani? Bi Mkubwa si huyu hapa, mzima?"

Akaenda kwa wageni akitabasamu.

Majirani wote walijua. Lakini nani angesema, na kila mlango una kibao chake? Bi Mkubwa alipitishwa uchochoroni kwa mkokoteni, kafunikwa shuka, bila matanga wala kilio. Wakati huo mzee mmoja alikuwa amepiga magoti mbele yangu, akiniomba nimwombee mkewe. Magurudumu yakalia nyuma ya nyumba.

"Nini hicho, mama?" akauliza.

"Wanatoa takataka," nikamwambia, nikamwekea mkono kichwani.

Mpaka leo nakaa pale. Makaburini sijawahi kwenda. Fundi anasema si vizuri nionekane huko. Sijui hata wamemlaza upande gani.