Hisa za Baba

Baba yao alipofariki aliwaachia hisa za kiwanda cha saruji, zikaandikwa kwa majina ya wote wawili: dada mtu, fundi cherehani, na mdogo wake ambaye mtaani walimwita Mtabiri. Kuuza hata moja, lazima wote watie sahihi. Marehemu alidhani anawafunga kwa undugu. Thubutu!

Siku hizo kila mtu alikuwa anajenga. Saruji inagombaniwa, bei ya hisa inapanda, na Mtabiri habanduki kwenye simu. Mwenye nyumba alipotangaza kuuza kile chumba dada alichoshonea tangu ujana wake, dada alimwendea mdogo wake akamwomba wauze, kila mtu achukue chake, naye akinunue chumba. Mtabiri akakataa katakata. Watu wote wananunua, halafu yeye ndiye auze? Dada akapiga magoti, mtu mzima na heshima zake, mbele ya wifi yake. Mtabiri akacheka.

"Dada, wewe shona nguo. Mambo ya hisa niachie mimi."

Chumba kikanunuliwa na muuza simu. Cherehani ikahamia barazani, mvua ikinyesha inafunikwa turubai, na wenye nguo za harusi wakatafuta fundi mwingine. Dada hakusamehe. Kila alipokanyaga pedali alimlaani.

Hali ikageuka. Riba za benki zikapanda, watu wakaacha kujenga, saruji ikalala ghalani. Hisa zikaanza kushuka. Mtabiri akasema ni upepo tu, utapita. Mtu aliyezoea kuiona bei juu, akiiona chini hudhani inamtania. Akaweka nyumba yake rehani, akanunua hisa nyingine kwa jina lake mwenyewe, eti sasa ni za bure. Nazo zikaporomoka. Benki ilipoanza kubisha hodi, ndipo akakumbuka kwamba ana dada.

Alikuja barazani na fomu ya kuuza hisa za baba. Bado zingetosha kuiokoa nyumba, na fungu la dada lingeirudisha cherehani chini ya paa. Dada alilijua hilo vizuri sana. Akairudisha fomu bila kuinua macho kwenye mshono.

"Sitii sahihi."

Alirudi tena na tena. Akamtuma mkewe, naye akapiga magoti. Bei ilizidi kushuka, na dada alijua kwamba chake nacho kinayeyuka humo humo. Hakujali hata kidogo. Ule utamu wa kuombwa ulimshibisha kuliko chakula.

Siku nyumba ilipopigwa mnada, dada alifunga kazi mapema, akavaa gauni lake zuri, akaenda kutazama. Getini akamkuta mama yao ameketi juu ya godoro lake. Siku zote mama aliishi kwa Mtabiri. Dada alilijua hilo pia, ila hasira ilishamziba macho. Akamshika mkono, akamwambia waende kwake.

Mama akauchomoa mkono wake taratibu.

"Mdogo wako ameniponza kwa tamaa. Wewe umeniponza kwa makusudi. Naenda naye."

Mtabiri akajitwika godoro kichwani, mama akamfuata nyuma akijikongoja. Dada alimtazama mdogo wake alivyopinda shingo chini ya ule mzigo, na haki ya Mungu, bado moyo wake ulifurahi. Ndipo akaanza kulia.