Kiapo cha Lukmani Baada ya Kufungwa na Fizi

Mimi mpira nilianza kuupenda ukubwani, na kwa hasira. Mwaka ule wa hamsini na sita wachezaji wetu wa Étoile ya Baraka waliondoka kwa mkupuo kwenda Albertville kutafuta kazi, wakatuachia magoli ya miti na mpira mmoja uliofumuka mshono. Watu wa Fizi, huko juu mlimani, walicheka sana. Wakasema Baraka sasa wabaki kula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kutazama maji. Maneno hayo yaliniuma, na tangu siku hiyo sikukosa mechi hata moja. Kikapu changu cha mikate nilikipeleka kuuzia uwanjani.

Aliyeijenga timu upya ni Bwana Lukmani, mwenye mitumbwi. Alichukua vijana wake wa kuvua, wale wanaotoka usiku na karabai kuchota ndagala, akawapanga uwanjani mmoja mmoja. Golini akamweka Useni, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajang'oa meno ya utoto. Mikono ya Useni ilizoea kushika lusenga, ule wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu, na mpira uliokwenda kwake haukupita. Kila alipoudaka, Lukmani alirukaruka pembeni, kanzu kaikunja kiunoni, akipiga kelele: "Ameudaka! Ameudaka!" Sauti ilifika mpaka sokoni.

Tukawafunga Nundu. Tukawafunga Kilembwe, waliokuja kwa miguu wakiimba na kurudi kwa miguu kimya. Baraka nzima ikavimba kichwa, na mimi nikiwa mbele kabisa. Lukmani naye alifurahi mpaka akaikubali posa aliyokuwa akiizungusha muda mrefu, kwamba Useni amwoe binti yake Zubeda. Siku hiyo nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Yule mtoto hakuwa na baba wala shamba. Alikuwa na mimi shangazi yake na mikate yangu, na sasa angepata mke ambaye walipendana.

Sasa, kila mtu wa ziwani anajua kwamba ndagala huvuliwa kwenye giza, kwa sababu hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala, na wavuvi nao wanalala. Ndiyo maana mechi zetu zote tulicheza siku za mbalamwezi. Lakini watu wa Fizi ni wakulima, mwezi kwao ni wa kutazama tu. Walitaka Jumapili waliyoitaka wao, karanga zikiwa zimeshavunwa, na Jumapili hiyo ikaangukia kwenye giza totoro. Lukmani hakutaka waseme tunaogopa. Akakubali, kisha akatangaza mbele ya msikiti kwamba usiku wa kuamkia mechi mitumbwi yake haitagusa maji. Tulimsifu sana. Mtu mwenye mali kuacha ndagala za usiku mzima kwa ajili ya timu! Nilimpelekea mikate ya bure, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi.

Jumapili Fizi wakashuka wamejazana kwenye kamio, lori la mfanyabiashara mmoja. Mbele alikaa Henri, mwalimu wa shule na mkubwa wa mashabiki wao, mtu mpole ambaye upole wake ulinikera zaidi kuliko kelele za wenzake.

Mpira ulipoanza, vijana wetu wakacheza kwa kujikokota. Bonaventure, beki wetu, alipiga miayo hadharani bila kufunika mdomo. Fabien aliangushwa, akabaki chini. Tulikimbia tukidhani kavunjika, kumbe amejilaza tu, katulia. Tuliwatukana, tukawaombea dua, tukawatukana tena. Hakuna kilichobadilika, ila Fizi nao hawakuwa hodari, na mpaka karibu na mwisho hakuna aliyefunga.

Hapo mtu wao mmoja akaupiga mpira vibaya, kwa kisigino, hata hakuwa analenga goli. Ukaja unajiviringisha pole pole mpaka kuku akausogelea kuutazama. Useni alikuwa ameegemea mti wa goli, mikono kifuani. Tukamwita. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la baba yake. Mpira ukapita mbele ya miguu yake, ukaingia, ukasimama wenyewe. Fizi walipolipuka kwa kelele ndipo alipofumbua macho, na kwa kuwa watu walikuwa wanashangilia, naye akapiga makofi.

Jioni ile Baraka watu hawakupika. Wengi walisema tumerogwa, na dawa imeletwa na mbuzi wa katekista Isidore, kwa sababu asubuhi mbuzi huyo alikatiza golini. Kundi la watu wazima, wenye wake na watoto, likaenda kumtazama mbuzi machoni. Isidore akaona mambo yanakuwa mabaya, akamwingiza mbuzi ndani ya nyumba na kufunga mlango. Wakamgeukia mke wake, Pulchérie, aliyekuwa amezifua jezi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushinda.

"Zilikuwa zinanuka!" Pulchérie akajitetea.

"Zilikuwa zinanuka ushindi!" wakamjibu.

Jumatatu Lukmani akatuita wote uani kwake, amtafute mtu aliyetufungisha. Tulikaa pembeni kwa kubanana, kwa sababu katikati ya ua zilikuwa zimeanikwa ndagala, zinang'aa kwenye jua. Hatukuzishangaa, Lukmani huwa ananunua za wenzake pia na kuziuza milimani. Kila aliposema maneno makali alijikatiza mwenyewe kufukuza kuku.

"Mi nataka kujua nani alituharibia timu! Shh! Toka! Nani alituletea haya mbele ya bantu ya Fizi? Mama Pulchérie, muguu yako, uko unakanyaga ndagala yangu!"

Useni alikaa mwisho kabisa, ametupa mgongo. Kwetu kijana aliyeposa hamtazami baba mkwe wala hamjibu. Akiulizwa, husema kupitia mtu wake. Mtu wake nilikuwa mimi.

"Muulizeni ule golikipa," akasema Lukmani, akitazama ukuta. "Alikuwa na nini?"

Nikainama karibu na sikio la Useni. "Baba, sema. Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, shangazi. Ilikuwa usingizi tu."

"Usingizi gani wa mchana? Usiku ulikuwa wapi?"

"Acha, shangazi. Nakuomba, acha."

Niliwatazama wenzake. Bonaventure alikuwa anachora mchangani kwa kidole. Fabien alitazama juu kama anayesubiri mvua. Nilijua kuna kitu, na niliwachukia wote kwa wakati mmoja.

"Anasema ilikuwa usingizi," nikafikisha.

Watu wakaguna. Lukmani akasimama, akainua mkono. "Usingizi! Timu nimeijenga kwa jasho yangu, yeye analala! Basi musikie bote. Wallahi, muntu aliyetufungisha hatakanyaga kwenye ndoa ya binti yangu Zubeda!"

Ndani ya nyumba kifuniko cha sufuria kikaanguka. Hakuna aliyeuliza nani kakiangusha. Ndoa gani itafungwa bila bwana harusi? Nilimtazama Useni, naye mabega yake hayakutikisika, ila masikio yalikuwa yanatetemeka, kama utotoni alipokuwa anazuia kilio. Nilitaka kuipindua ile mikeka na ndagala zake zote.

Hapo Henri akaingia na kikapu. Kamio lao lilikuwa limelala Baraka na bado linapakia mizigo, akaona apate kitoweo cha kupeleka nyumbani.

"Bonjour, ndugu zangu. Poleni na mupira."

Henri akachuchumaa, akachukua ndagala moja, akainusa.

"Bwana Lukmani, hizi ni za lini? Zikiwa za zamani, bibi yangu atanirudisha nazo huku chini."

Kama kuna kitu kinachomuuma Lukmani kuliko kufungwa, ni mtu kuzitilia shaka ndagala zake. Alisahau kikao, akasahau kiapo.

"Za zamani? Mi, Lukmani, nikuuzishe ndagala za zamani? Hizi zilitoka mu maji dimanche asubuhi, jua linachomoza! Bengine banarudi mapema, mitumbwi yangu ilirudi ya mwisho. Usiku muzima bijana bangu bako nachota tu! Na unajua nani alishika lusenga? Ule kule!" Akamnyooshea kidole Useni. "Mikono ya namna ile hauioni kwa ziwa yote. Hakukaa chini hata kidogo mpaka kunakucha!"

Henri akaweka ndagala chini taratibu. "Dimanche... Jumapili ile ya mupira?"

"Ndiyo, dimanche ile ya..." Mkono wa Lukmani ukabaki hewani.

Kuku waliitumia nafasi hiyo vizuri. Wakaingia katikati ya mikeka wakala walivyotaka, na mwenye mali hakuwafukuza.

Nikasimama. Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa nimesimama. "Baba Zubeda," nikasema, "si ulisema mitumbwi italala?"

"Nilisema, Mama Kulthumu. Na mi mwenyewe nilienda kulala kabisa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Halafu nikatoka inje, nikaona taa za benzangu zimejaa mu maji kote kote. Moyo ikakataa. Nikaamsha bijana, nikasema bende kidogo tu, na basimwambie muntu."

"Kidogo tu mpaka jua!"

"Ndagala zilikuwa mingi!" akalia, na nadhani hata wakati huo alitarajia tumwelewe.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatuficha au alisahau kweli. Naona kichwani mwake ziwa lilikuwa huku na uwanja kule, na kuchota usiku kucha hakukuwa uchovu, ni kazi. Lakini Bonaventure alianza kucheka, Fabien akafuata, na ua mzima ukaangua kicheko, tukacheka mpaka Pulchérie akazikalia ndagala. Isidore akapaza sauti kwamba mbuzi wake anadai kuombwa radhi.

Yunusu, mdogo wake Lukmani, ambaye amesoma dini, akakohoa. "Kaka, umeapa mbele ya bantu. Lakini kiapo kina kafara yake. Unaweza kufunga, ao ulishe maskini, ikaisha."

Lukmani akamtazama Henri. Henri, kwa ule upole wake, akasema, "Mi sina neno. Ila kule Fizi bataniuliza mwisho ilikuwa namna gani."

"Basi ubaambie Lukmani haapi halafu anageuka," akasema Lukmani. "Niliapa, nitasimama nayo."

"Na ndoa?" nikauliza.

Alikuwa anautazama mgongo wa Useni, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hana kelele.

"Ule mutoto alikuwa anajua," akasema. "Ningemuharibia maisha yake kwa kosa yangu, na alininyamazia. Yunusu, we ndiye utakuwa wakili wangu, utamwozesha Zubeda. Ndoa iko. Mi ndiye sitakanyaga."

Ndoa ikafungwa alasiri moja katika siku za mbalamwezi. Tarehe hiyo niliichagua mimi, na nilihakikisha kwa macho yangu kwamba mitumbwi yote imevutwa nchi kavu. Lukmani alivaa kanzu mpya, akaenda kukaa nje ya uzio wa matete, juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Tulimpelekea pilau huko huko.

Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, Zubeda kainamisha kichwa kama inavyompasa bibi harusi. Tukamsikia Yunusu anatamka maneno ya kumwozesha, kisha sheikh anamgeukia Useni kumuuliza kama amekubali. Pakawa kimya. Useni si mwepesi wa kusema, lakini sote tulikuwa uwanjani siku ile, sote tulimkumbuka ameegemea ule mti. Pulchérie akanishika mkono. Ningekuwa karibu naye ningemfinya.

"Nimekubali," akasema Useni, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Na nje ya uzio, mtu ambaye kwa kiapo chake hakuwepo harusini akapiga kelele mpaka sokoni: "Ameudaka! Ameudaka!"