Mate ya Mama

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na ikajulikana kwamba Night Poni amefaulu kuliko wote mtaani, nyumba ya baba yake Angelo, fundi wa mageti pale Awindiri mjini Arua, ilijaa wanaume wenye maoni. Wengine hawakuwahi kumnunulia binti huyo hata kalamu, lakini siku hiyo kila mmoja alikuja na shule yake mdomoni. Mama yake, Sauda, aliwapikia chai, akawasikiliza, akaosha vikombe. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Mwishowe shule zilibaki mbili, kwa sababu wanaume wenye sauti walibaki wawili.

Wa kwanza alikuwa Obitre, kaka mkubwa wa Angelo, katekista mstaafu, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa utosini. Yeye alitaka Mtakatifu Rafaela, shule ya bweni ya masista upande wa Ediofe: wasichana watupu, ukuta mrefu, vichwa vimenyolewa, na kengele ya kumwambia mtu hata saa ya kukohoa. Wa pili alikuwa Zubeiri, kaka yake Sauda, mfanyabiashara wa Koboko mwenye malori yanayovuka mpaka. Yeye alitaka Nuru, shule mpya ya Kiislamu huko Koboko aliyochangia kuijenga mwenyewe: wavulana na wasichana pamoja, basi la kijani, madirisha ya vioo, hijabu kwa kila binti.

Sasa tusidanganyane. Obitre aliota siku Night atakapokuwa sista, na picha yake itundikwe sebuleni. Zubeiri aliota kumrudisha binti upande wa Sauda, aliyeolewa na Mkristo huku mwenyewe akibaki Mwislamu. Elimu ilikuwa kisingizio tu. Mabwana hawa walikuwa wakigombania mtoto ni wa nani.

Na Zubeiri alikuwa na turufu. Kwao, mtoto anapotoka nyumbani kwenda kukaa mbali, kaka wa mama yake humtemea mate kidogo viganjani, akamwombea, na mtoto akajipaka usoni. Lakini kabla ya kutema, mjomba lazima ale chakula kwa baba wa mtoto. Asipokula hatemi, na asipotema mtoto haondoki. Akiondoka hivyo hivyo, kila homa atakayougua na kila mtihani atakaoshindwa, lawama itamwangukia aliyemfungulia mlango.

Sauda mwenyewe, kama angeulizwa, angesema Koboko bila kufikiri. Tangu aolewe, safari za kwenda kwao zilihitaji sababu, na sababu zilikuwa misiba tu. Mtoto akisoma Koboko, mama ana haki ya kwenda kumwona. Siku walipokwenda kuitazama Nuru, alisikia Kikakwa, lugha ya kwao, sokoni, akala kwa dada zake, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Alirudi Arua akiwa ameshaamua moyoni.

Tatizo lilikuwa maabara. Zubeiri aliwafungulia mwenyewe, kwa funguo zake. Meza zilikuwa nyeupe, na vifaa vilikuwa bado ndani ya nailoni vilivyokuja nayo.

"Mjomba, mwalimu ya fizikia iko wapi?" Night aliuliza, macho chini kwa heshima.

"Mwalimu nakuja," Zubeiri alijibu.

"Nakuja lini?"

"Wewe ona nyumba kwanza, mwanangu. Nyumba iko, mwalimu hawezi kukosa."

Night alikubali kwa kichwa, akagusa nailoni kwa kidole, akaacha alama kwenye vumbi.

Rafaela ilikuwa kinyume kabisa. Sista mkuu hakutabasamu hata kwa bahati mbaya. Aliitazama misuko ambayo Sauda alikesha akiisuka, akasema kwamba hiyo itabaki getini. Sauda alimchukia papo hapo, na hakuona haya kumchukia. Lakini kule nyuma kulikuwa na chumba kimoja cha zamani chenye meza zilizoungua kwa tindikali, na wasichana wenye vipara walikuwa wameinamia waya na betri, wakigombana kwa minong'ono kwa nini taa haiwaki. Mwalimu wao, Lillian, mama wa makamo mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alimwona Night mlangoni. Hakumwuliza jina wala dini, alimpa waya tu. Night aliutazama, akaugeuza, akaugusisha upande wa pili. Taa ikawaka, na wale wasichana wakampisha kwenye benchi.

Njiani kurudi hakusema neno hadi kanisa kuu la Ediofe lilipobaki nyuma yao.

"Mama," alisema, "umeme ya hapa nakatika kila siku. Baba nakaa na geti ya watu, haiwezi kuchomelea, watu nakuja kumtukana. Mimi nataka kujua kwa nini nakatika."

Sauda aliona Koboko yake ikianza kumponyoka.

Jumamosi ikawa siku ya kikao, na Zubeiri alitegemewa kufika mchana. Asubuhi Sauda alikwenda sokoni kununua vitunguu na dagaa wakavu wa ziwani, wale wanaoitwa angara. Aliporudi, alikuta mbuzi ameshaning'inizwa kwenye mparachichi, amechunwa, na Obitre anafuta kisu kwa majani.

Sauda aliweka kikapu chini.

"Faruk iko wapi?" aliuliza.

Faruk ni jirani yao, Mwislamu. Katika nyumba zilizochanganyika kama ile, na Arua ziko nyingi, mbuzi huchinjwa na mtu kama Faruk hata siku ya Krismasi, ili wote wale chungu kimoja. Hakuna mtu wa Awindiri asiyelijua hilo.

"Faruk amechelewa," alisema Obitre. "Wageni nakuja saa hii. Nimechinja mimi."

"Shemeji, sasa kaka yangu atakula nini?"

"Atakula nyama. Mbuzi ni mbuzi. Wewe funga mdomo tu, Mama Night. Nani atamwambia?"

Sauda alisimama pale akihisi damu inampanda kichwani. Kumsahau mgeni ni kosa, lakini mgeni huja na kuondoka. Yeye je? Tangu aingie katika ua huu, Faruk alikuwa akiitwa kwa ajili yake. Alikuwa amewapikia watu hawa, amewazikia wazee wao, amewalelea watoto, na leo shemeji yake amechinja bila hata kukumbuka kwamba kuna mtu nyumbani humo asiyeweza kuila nyama hiyo. Zaidi ya hapo, anaombwa asaidie kumdanganya ndugu yake wa tumbo moja.

Aliwaachia wake wengine wa ukoo kazi ya mbuzi. Akamwita Night jikoni kwake, wakachambua angara, wakawaunga kwa karanga, wakasonga enyasa, ule ugali mweusi wa mtama na muhogo. Sauda alikuwa akiugonga mwiko kwenye sufuria kwa nguvu ambazo ugali haukuzihitaji.

Zubeiri alifika katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Salamu zikawa ndefu na tamu, kila mtu akimpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Angelo, mtu asiyependa maneno, alikaa pembeni na kofia yake magotini. Nyama ikaletwa inafuka moshi. Obitre akaomba baraka, akalisogeza bakuli kubwa mbele ya mgeni.

"Karibu, shemeji. Kula, halafu tuongee ya mtoto."

Zubeiri alinawa mikono, akaunyosha mkono.

"Kaka, usikule," alisema Sauda kutoka mlangoni. "Hii mbuzi Faruk hapana chinja. Shemeji alichinja, akaniambia nikae kimya."

Mkono wa Zubeiri ulisimama juu ya bakuli. Kwa Obitre ilikuwa kama amevuliwa koti mbele za watu. Kwanza alisema si kweli, halafu akasema alisahau, halafu akasema Mungu anaangalia moyo. Zubeiri aliinuka akikung'uta kanzu.

"Basi. Nyumba hapana jua kulisha mimi, haiwezi kuchunga mtoto ya dada yangu. Night, leta sanduku. Leo tunakwenda Koboko."

"Mtoto hii ni ya Awindiri!" Obitre alipaza sauti. "Sanduku haitoki."

Kelele zikaanza. Zilihusu mbuzi, zikahusu ukoo, zikahusu harusi ya zamani na nani alimdharau nani siku ile. Wala fizikia haikutajwa. Night Poni alisimama katikati ya ua na sinia la enyasa na angara mikononi, na hakuna aliyemwona. Mama yake alimwona.

"Kaeni chini," alisema Sauda.

Hakupaza sauti. Lakini katika miaka yote hiyo hawakuwahi kumsikia akimwamuru mtu mzima, na mshangao ukawakalisha.

"Hapa iko samaki. Samaki hapana dini. Nimepika mimi, kwa moto ya Baba Night, mtakula wote."

Zubeiri aliangalia sinia. Kukataa chakula cha dada yake mbele ya wakwe kungekuwa kumwaibisha yeye, na ingawa alikuwa na hasira hakuwa mtu mbaya. Akamega. Obitre akaona mwenzake amemega, naye akamega. Wakala sinia moja wakiwa wamenuna, kila mmoja akitazama upande wake.

Sauda aliwaacha hadi sinia likabaki tupu.

"Kaka, sasa umekula kwa baba ya mtoto. Desturi imetimia. Mimi nauliza kitu moja ambayo hakuna mtu ameuliza." Akamgeukia binti yake. "Night, wewe nataka wapi?"

"Rafaela, mama."

Obitre alianza kutabasamu.

"Lakini sista mimi hapana kuwa, baba mkubwa," Night aliendelea. "Nakwenda kwa sababu ya maabara na Mwalimu Lillian. Mimi nataka umeme. Na mjomba, Nuru ikipata mwalimu, wapeleke wasichana wengine. Usingoje mimi."

Tabasamu la Obitre likarudi lilikotoka. Zubeiri alificha mikono ndani ya mikono ya kanzu.

"Mimi sitatema mate kwa Rafaela," alisema. "Mkitaka aende, aende mikono mikavu."

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Sauda alimtazama kaka yake, akaiona Koboko yote nyuma yake: soko, dada zake, kicheko kile. Iliuma, na aliiacha iume. Kisha akamwendea binti yake, akamfungua viganja.

"Hii ni kazi ya mjomba," Obitre alisema haraka. "Mwanamke hapana fanya. Angelo, ambia bibi yako."

Angelo aliivaa kofia yake taratibu. "Mimi nasikiliza yeye," alisema.

"Mate yako itafanya nini, dada?" Zubeiri aliuliza, na sauti yake haikuwa kali tena.

"Mate hii imefuta uso yake tangu anazaliwa," alijibu Sauda. "Alipoumwa, nimemtafunia chakula nayo. Wewe ulikuwa wapi? Na shemeji alikuwa wapi?"

Akatema kidogo katika kiganja cha kulia, akatema katika cha kushoto.

"Nenda usome. Asikugeuze mtu sista, asikugeuze mtu kitu ya mjomba wala ya baba mkubwa. Rudi na akili yako, na jina yako."

Night alijipaka usoni, akapandisha hadi kwenye misuko. Halafu akafanya jambo ambalo hakufundishwa na yeyote. Alimgeukia Zubeiri, akamnyoshea viganja vile vile, vikiwa wazi.

"Mjomba, bado iko nafasi."

Zubeiri alivitazama. Mikono yake ilisogea ndani ya kanzu, lakini haikutoka. Sauda alimsubiri, tena alimsubiri kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, kwa kuwa ni kaka yake na alimpenda. Kisha akavifumba viganja vya binti yake ndani ya vyake.

"Baba Night," aliita, "niletee wembe na maji."

"Leo, mama?" Night aliuliza.

"Leo. Nywele hii nimesuka mimi. Hakuna sista atainyoa kwa geti."

Angelo akaenda kuleta wembe. Night akakaa chini kati ya magoti ya mama yake, pale pale mbele ya wanaume, na Sauda akaanza kuifumua misuko mmoja mmoja, huku nyama ya mbuzi ikipoa ndani ya bakuli na hakuna aliyeigusa.