Nani Anaponda Nyama Kwaresima?

Jumamosi asubuhi mwanangu Sandu alipoanza kulia, bomba la joto lilimjibu. Tok-tok. Kimya. Tok.

Nilijua maana yake. Katika jengo letu hapa Braila, kando ya mto Danubi, kama katika majengo yote ya namna hii, bomba la maji moto ya kupasha nyumba joto hupanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu likipita jikoni kwa kila mtu, na anayeligonga ana neno moja tu la kusema: nyamazeni. Ukifungulia redio, unagongewa. Ukitoboa ukuta siku ya Jumapili, watu wa ngazi nzima wanakugongea. Na mama ambaye mwanawe anaota meno hugongewa hata kabla mtoto hajavuta pumzi ya kulilia.

Basi nikamtia Sandu begani, nikamzungusha jikoni. "Nyamaza baba, nyamaza bwana mkubwa wangu, tutafukuzwa." Akanyamaza, akabaki kutafuna kola ya gauni langu. Bomba likagonga tena. Tok-tok. Kimya. Tok.

"Si ameshanyamaza!" niliiambia dari.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba juu yetu hakuna mtu.

Juu yetu anakaa Bibi Aglaia, mjane wa Iordache, aliyekuwa fundi wa kuunganisha vyuma kule wanakojenga meli. Ijumaa jioni alishuka kutuaga. Alikuwa anakwenda kwa binti yake Torino, Italia, basi dogo lingemchukua alfajiri, safari ya siku mbili, na asingerudi mpaka Pasaka ipite. Alimbusu Sandu utosini, akamtemea mate ya uongo, ptu, ptu, jicho la watu lisimdhuru.

"Maji nimefunga, friji nimechomoa, mapazia nimeshusha," aliniambia. "Ukisikia kitu huko juu, mwanangu, ujue ni Iordache."

Tulicheka wote wawili. Iordache amelala makaburini miaka mingi.

Fanel, mume wangu, aliporudi kutoka zamu nilimweleza.

"Hewa hiyo," alisema, kijiko mdomoni. "Chuma kikipata moto na kupoa lazima kilie."

"Hakilii hivi."

"Mke wangu, hujalala usingizi wa maana tangu huyu mheshimiwa aanze kuota meno. Mimi mwenyewe juzi nimesikia king'ora cha kazini kinatoka kwenye supu."

Nilicheka, lakini sikio langu lilibaki juu. Mtu akikaa nyumbani na mtoto mchanga, macho hayana kazi kubwa. Masikio ndiyo yanayotembea. Najua lifti inavyoguna ikifika ghorofa yetu. Najua ndara za Mama Veta wa mlango unaotazamana na wetu, moja inaburuta, nyingine inapiga. Najua njiwa wa dirisha la bafuni anapokuja peke yake na anapokuja na mwenzake. Ukimya wa juu pia nilidhani naujua. Huu haukuwa ukimya wa nyumba isiyo na mtu. Ulikuwa kama wa mtu aliyezuia pumzi.

Jumapili ikafika. Jumapili za kawaida, kabla ya saa sita mchana, ngazi yetu hulia kama karakana: kila jiko linaponda nyama ya shnitseli, ikishapondwa ivikwe yai na unga wa mkate, ikaangwe. Kila nyumba ina mkono wake. Mama Veta hupiga kama anayelipiza kisasi kwa mkwe wake. Bibi Aglaia hupiga mara mbili upesi, ananyamaza akiigeuza nyama, halafu anapiga mara moja ya kumalizia. Nilipoletwa hapa bibi harusi, niliujua mkono huo kabla sijaijua sura yake.

Lakini hii ilikuwa Kwaresima, nyama hailiwi. Jengo lilinuka maharage na kabichi ya chumvi, na nyundo zote zilikuwa drooni. Watu walikuwa wamerudi kanisani, wanakula kimya kimya. Sandu akaangusha kijiko chake, akaangua kilio.

Tok-tok. Kimya. Tok.

Nilitoka nje mbio mtoto mkononi. Mama Veta naye alikuwa ametoka, aproni kiunoni, uso mweupe kuliko aproni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Veta."

"Nani anaponda nyama Kwaresima?" Akafanya ishara ya msalaba, moja, nyingine, na nyingine. "Tena kwa Aglaia! Mwanamke ambaye hata mafuta ya kupikia hayagusi mpaka Pasaka!"

"Aglaia ameondoka."

"Ndiyo maana. Huyo ni Iordache. Yule mwanamume alipenda shnitseli kuliko alivyompenda Mungu. Mke kampa kisogo, sasa anajipikia." Alitaka kucheka ikashindikana. "Washa mshumaa, Ilinca. Na huyo mtoto usimwache alie, kilio cha mtoto kinaita mizimu."

Nikawasha mshumaa. Mtoto sikumwacha alie. Siku ile yote nilimbeba, nilimnyonyesha hata asipotaka, nilimpa ganda la mkate alitafune. Kila alipokunja midomo niliwahi. Na kila nilipowahi, juu kulikuwa kimya kabisa, na mimi nikajisifu kwamba nimemshinda mzimu.

Jumatatu mchana Fanel alikuwa kazini. Nilikuwa mezani jikoni na kitabu cha masomo yangu ya jioni, Sandu mapajani. Akapiga kelele moja tu, ya kuchoka na kitabu. Bomba likajibu, lakini sasa kwa mbali, kama mtu aliyefunga nyundo kwa kitambaa. Tok-tok. Kimya kirefu. Nikajikuta naingoja ile ya mwisho, jinsi unavyongoja kiatu cha pili kianguke mtu wa juu anapovua viatu. Ikaja, hafifu.

Nikaweka kiganja kwenye bomba. Watu wanaotaka unyamaze hugonga kwa ufunguo au kijiko, chuma kwa chuma, sauti inayokwangua meno. Hii ilikuwa mbao. Mbao nzito ya nyundo ya nyama. Na mkono ulikuwa ule ule ninaoujua: mbili, geuza, moja.

Mkono wa Aglaia. Iordache hakuwahi kuponda nyama maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kula na kulalamika kwamba ni ndogo.

Nitasema kweli, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba lile basi limepinduka njiani, na Bibi Aglaia amekufa, na roho yake imerudi jikoni kwake. Halafu nikamwangalia Sandu, naye alikuwa ameinua uso, anaitazama dari, mdomo wazi, anangoja. Hakuogopa. Alikuwa na sura ya mtu anayezungumza na mwenzake.

Nilipanda ngazi. Mlangoni kwake nikabonyeza kengele, nikaita, "Bibi Aglaia! Bibi, ni mimi Ilinca!" Hakuna kitu. Nikabandika sikio kwenye mlango. Nikasikia damu yangu mwenyewe. Nyuma yangu Mama Veta alikuwa ameshafika, na chini nikasikia kikohozi cha Bwana Dorin, msimamizi wa jengo.

"Fungua huu mlango, Bwana Dorin. Kuna mtu ndani."

"Mtu gani? Mwenye nyumba yuko Italia. Nivunje mlango wa watu kwa sababu ya mzimu? Mji mzima utanicheka."

"Umeacha lini kuchekwa?" Mama Veta alimuuliza.

Sandu alikuwa ametulia begani kwangu na ganda lake la mkate, mwenye raha zake. Siku mbili nilikuwa nimepigana asilie. Nikamnyang'anya ganda.

Alinitazama kwanza, asiamini kwamba mama yake angeweza kumfanyia hivyo. Kisha akafungua kinywa, akalia kilio cha kuamsha mto Danubi.

"Shhh," akaanza Mama Veta.

"Mwache!"

Ndani, mbali, mbao ikagusa chuma. Tok-tok.

Tulingoja. Bwana Dorin alikuwa ameacha kukohoa. Sandu alivuta pumzi, akanyamaza, naye akasikiliza. Ile ya mwisho haikuja.

Bwana Dorin alishuka ngazi nikidhani anakimbia. Alirudi na mtaimbo.

Mlango ulipofunguka tulimkuta Bibi Aglaia amelala kwenye sakafu ya jikoni, koti la safari mwilini, nyonga imevunjika. Alianguka alfajiri ya Jumamosi akifunga begi, na begi likaanguka naye. Kokwa za jozi alizopakia zilikuwa zimetawanyika hadi chini ya jiko, na chupa ya maji ya baraka ya Epifania ilikuwa tupu kando ya kichwa chake. Simu ilikuwa mezani, juu, asikoweza kufika; dereva wa basi alipiga, akachoka, akaenda zake. Mkononi alishika nyundo ya nyama. Alikuwa anampelekea binti yake, kwa sababu za Torino, anasema, ni za chuma na zinararua nyama.

Nilipiga magoti nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Alimtafuta Sandu kwa macho.

"Mtoto," alisema, sauti kama karatasi. "Mbona alikuwa ananyamaza?"

"Nilikuwa nambembeleza, bibi. Nilidhani anakusumbua."

"Alipolia nilijua mko. Nikamjibu." Akapumzika. "Jana mchana wote kimya. Nikadhani mmekufa. Nikadhani jengo zima limekufa, nimebaki mimi na Iordache."

Mama Veta alitoka kwenda kusubiri gari la wagonjwa barazani, kwa sababu hakutaka tumwone analia.

Ni wiki kadhaa sasa. Binti yake amekuja, wamemfanyia upasuaji, na daktari anasema matunda ya cheri yakiiva, mwezi wa sita, atakuwa anatembea na fimbo. Mimi nasema atatembea bila fimbo. Nilipokwenda kumtazama hospitali alinipa ile nyundo. "Kaa nayo," alisema. "Nikirudi nitaisikia kutoka chini, nitajua nimefika nyumbani."

Sandu akilia siku hizi simkimbilii kumziba mdomo. Namshika, namwimbia, lakini kwanza naliachia bomba nafasi yake. Hulia, hujikatiza mwenyewe, huinua uso kwenye dari. Kisha ndipo hunitazama mimi.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka ngazi ilirudi kuwa karakana. Milango yote, ghorofa zote, isipokuwa juu yetu. Na pengo lile nililisikia kuliko nyundo zote zilizokuwa zinalia. Nikatandaza nyama yangu ubaoni. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Mbili upesi. Nikageuza nyama. Moja.

Ngazi nzima ikanyamaza.

"Ilinca!" Mama Veta alipaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama Veta."

"Basi uwe unasema, mwanamke! Nimevunja bakuli la mayai!"

Nyundo zikaanza tena, moja, nyingine, mpaka zikajaa. Mimi niliishikilia yangu hewani kidogo. Sandu, kwenye kiti chake, alikuwa ameinua uso, kijiko kimesimama mkononi. Tukasikiliza wote wawili. Kisha akaegemea upande, akaligonga bomba kwa kijiko chake, akangoja ajibiwe.