Venance Yupo Kazini

Elick, fundi wa kompyuta, aliiua programu ya foleni saa nne asubuhi, malori yakiwa yamejipanga mpaka kona ya mtoni. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikawaka yenyewe. Ukutani, pale ofisi ya mawakala wa forodha, skrini ikaandika kama kawaida: Venance yupo kazini.

Venance, fundi aliyemtangulia, alizikwa kijijini Bukiriro wiki sita zilizopita.

"Nani kaiwasha?"

Dereva mmoja akacheka dirishani. "Fundi, unapigana na marehemu? Subiri kwanza namba yangu itoke!"

Bosi, mzee Gaspari, alishasema: jina la mfu litoke leo kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, wateja wanaogopa. "Na ukiiangusha foleni, rudi kwenu Kibimba ukapalilie migomba."

Elick akachimba ndani ya seva. Inaendeshwa na mfumo wa Linux, haifichi kitu ukijua pa kutazama. Akalikuta faili, mistari michache tu: programu ikifa, subiri sekunde tano, iwashe tena. Seva ikizimika na kuwaka, iwashe tena. Kwa jina la Venance.

Liliandikwa Ijumaa ile ya mwisho. Jumapili Venance akafa.

Hapakuwa na jini, mtu alipanga. Ila Elick akaisoma tarehe tena. Mgonjwa asiyeweza hata kumeza uji alikaa akaandika haya?

Akashika akaunti ya Venance aifute.

"Shemeji, acha." Ni Tecla, mjane wa Venance, karani wa pale dirishani. "Kila asubuhi nalisoma hilo jina."

"Dada Tecla, likibaki nafukuzwa."

Tecla akaweka mhuri wake mezani. "Matanga tumeondoa. Koti lake kachukua mdogo wake, jembe kachukua baba. Hii kazi hatukumpa mtu. Kitu cha marehemu hakitupwi, shemeji. Kinavaliwa."

Elick akatoa mkono kwenye kibodi. Angefuta akaunti kwanza, programu ingekosa mwenyewe, isingeinuka tena. Akaandika jina lake mwenyewe kwenye lile faili, ndipo akaifuta akaunti ya Venance. Akaiua programu kusudi.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Elick yupo kazini.

Madereva wakapiga makofi. Tecla hakupiga. "Haya, nenda ukanywe chai."

Akavuka barabara. Chapati ikiwa bado mdomoni, akaona kupitia dirisha la ofisi skrini inazimika. Hakuna aliyeigusa. Akahesabu bila kutaka. Tano.

Elick yupo kazini.

Akakitazama kiti chake. Kilikuwa kitupu.